Vumbi hulaumiwa, lakini kinachoua mkanda wa pikipiki ya magurudumu manne ni joto

Rongui ni kisiwa kidogo cha pwani ya Palma, kaskazini kabisa mwa mkoa wa Cabo Delgado, jirani na kisiwa cha Vamizi. Kama visiwa vingine vya kaskazini mwa funguvisiwa la Quirimbas, ardhi yake ni mawe ya matumbawe na mchanga. Upepo wa kusi unapoanza kuvuma na mvua kukatika, njia za miguu hukauka, na kila kinachopita huinua vumbi jepesi linaloganda kwenye ngozi, nguo na mitambo.

Katika mazingira ya namna hiyo, pikipiki ya magurudumu manne, ambayo wazungumzaji wa Kireno huiita moto-quatro, inaonekana kuwa chombo kilichobuniwa makusudi. Matairi yake ni mapana, haihitaji barabara ya lami, na hubeba mtu pamoja na madumu ya maji, nyavu au mgonjwa pale ambapo gari haliwezi kupita. Hata hivyo, nyingi za pikipiki hizi hutegemea kipande kimoja cha mpira kilichofichwa ubavuni mwa injini. Kipande hicho kikikatika, injini huendelea kunguruma huku magurudumu yakiwa yamesimama.

Kwa mkazi wa mjini, hiyo ni hasara ya nusu siku. Kisiwani, au kwenye njia za bara kati ya Palma na Mocímboa da Praia, jambo hilo lina uzito mwingine. Tangu mashambulizi yalipoanza Mocímboa da Praia mwezi Oktoba 2017, wakazi wa ukanda huu wamejifunza kuwa kukwama njiani kuna hatari zaidi ya kuchelewa. Palma yenyewe ilishambuliwa mwezi Machi 2021. Duka la vipuri liko mbali, chombo cha kuvukia hungoja maji na upepo, na giza haliwangoji wasafiri.

Mkanda hufanya kazi gani?

Pikipiki ya kawaida ya magurudumu mawili hupeleka nguvu nyuma kwa mnyororo, na dereva hubadilisha gia kwa mguu. Pikipiki nyingi za magurudumu manne hazina gia za kubadilisha hatua kwa hatua wakati wa mwendo. Badala yake zina puli mbili na mkanda unaozizunguka. Puli ya mbele imefungwa kwenye mhimili unaozungushwa na injini. Ya nyuma imeunganishwa na sanduku la gia linalopeleka nguvu kwenye magurudumu.

Siri yake iko katika umbo la puli. Kila moja imeundwa kwa sahani mbili zilizoinama, na sahani hizo huweza kukaribiana au kuachana. Injini ikizunguka polepole, sahani za puli ya mbele huwa zimeachana na mkanda hukaa chini, karibu na mhimili. Mzunguko ukiongezeka, vizito vilivyomo ndani ya puli hiyo husukumwa nje kwa nguvu ya mzunguko na kuzibana sahani. Mkanda hupanda juu upande wa mbele na kuvutwa ndani upande wa nyuma, ambako springi hushika mvutano. Hivyo uwiano wa mwendo hubadilika wenyewe, bila mkono wa dereva.

Hakuna meno yanayoushika mkanda kwenye sahani hizo. Kinachopeleka nguvu yote ya injini ni msuguano kati ya kuta za mkanda na uso wa chuma. Mpira wa mkanda huimarishwa kwa nyuzi ngumu, mara nyingi za aramidi, jamii ileile ya nyuzi zinazofumwa fulana za kuzuia risasi. Nyuzi hizo huvumilia kuvutwa sana. Mpira unaozishikilia, kwa upande wake, hauvumilii joto kupita kiasi.

Mfano ulio karibu na watu wengi ni mashine ya kusaga nafaka. Msagaji akimwaga mahindi mengi kwa pupa, jiwe huelemewa, mkanda huanza kuteleza juu ya puli na harufu ya mpira ulioungua hutangulia kabla ya unga. Msagaji mzoefu hupunguza mahindi mara moja. Hamlaumu aliyeuza mkanda, wala halaumu vumbi la unga lililotanda chumbani. Anajua kuwa mzigo umezidi mbano.

Mtambo uliozoea baridi

Mfumo huu haukuanzia kwenye vumbi. Mwaka 1958 kampuni ya DAF ya Uholanzi ilionyesha mjini Amsterdam gari dogo, DAF 600, lililotumia mikanda ya mpira na puli zinazojibadilisha. Baadaye mfumo wa aina hiyo ulienea katika magari madogo ya kuteleza juu ya theluji huko Amerika Kaskazini. Polaris, kampuni ya jimbo la Minnesota iliyojijengea jina kwa magari hayo ya theluji, iliingia katika soko la pikipiki za magurudumu manne mwaka 1985 ikiwa na mfumo huohuo wa mkanda.

Historia hiyo inaeleza mengi. Juu ya theluji, hewa inayopoza mkanda ni baridi na haina vumbi. Katika pwani ya Afrika Mashariki hewa hiyohiyo ina joto, chumvi na chembe za mchanga. Mtambo haujabadilika sana, ila mazingira yake yamebadilika kabisa. Ndiyo maana wapanda pikipiki hizi katika ziara za watalii za Kizimkazi, Zanzibar, au kwenye machuguu ya mchanga ya Sharqiya nchini Oman, wanakabiliwa na tatizo lilelile ambalo mtu wa Palma angekutana nalo.

Vumbi hufungua mlango, joto humaliza kazi

Vumbi lina madhara ya kweli, na huja kwa njia tatu. Kwanza, chembe zake hufanya kazi ya msasa: hukwangua kuta za mkanda na uso wa sahani. Pili, hujipenyeza kwenye vizito na bushi za puli hadi sahani zikawa nzito kufunguka na kufunga. Puli isiyobana kwa wakati huuacha mkanda uteleze. Tatu, na hili ndilo husahaulika zaidi, vumbi huziba njia ya hewa ya kupoza.

Puli zimefunikwa kwa kasha la plastiki. Kasha hilo lina bomba la kuingizia hewa na jingine la kuitolea, na mapezi yaliyo kwenye sahani hufanya kazi ya feni. Katika baadhi ya pikipiki, mlango wa bomba la kuingizia una kichujio chake, tofauti na kichujio cha hewa ya injini. Mwenye chombo huweza kusafisha kichujio cha injini kila wiki na asijue kuwa kuna cha pili. Kikiziba, joto ndani ya kasha hupanda hata kama dereva anaendesha kwa busara. Kinyume chake, bomba likichanika au kasha likifungwa vibaya, hewa huingia bila kuchujwa, na mchanga huingia nayo.

Pamoja na hayo yote, mkanda mara nyingi hauishi kwa sababu ya kukwanguliwa na vumbi. Huisha kwa sababu umeteleza, ukapata joto, mpira ukakauka na kung'aa kama kioo, na baada ya hapo ukateleza zaidi. Mkanda uliong'aa hauwezi tena kushika vizuri, kwa hiyo kila safari huuongezea joto. Huo ni mduara ambao mwisho wake ni kukatika kwa nyuzi.

Hali mbaya kuliko zote ni pale magurudumu yanapozama mchangani na dereva akaongeza mafuta kwa matumaini ya kujinasua. Puli ya mbele huzunguka kwa kasi, ya nyuma imezuiwa na mchanga, na mkanda uliosimama husuguliwa mahali pamoja. Sekunde chache tu zinatosha kuula sehemu hiyo hadi ikawa nyembamba kuliko nyingine. Mkanda wa namna hiyo huweza kuendelea kufanya kazi, lakini pikipiki hugonga na kutikisika kila inapoanza kuondoka. Dereva aliyesikia mgongo huo akaupuuza amekwisha kuonywa.

Kosa la gia

Pikipiki nyingi za mkanda huwa na gia mbili za kwenda mbele: ya juu kwa mwendo wa kawaida na ya chini kwa kazi nzito. Madereva wengi hudhani gia ya chini ni ya kuvutia gogo au kupanda mlima tu, hivyo hutembea polepole mchangani wakiwa kwenye gia ya juu ili kuipumzisha injini. Kwa mkanda, huko si kuupumzisha hata kidogo.

Kwenye gia ya juu na mwendo mdogo, injini huzunguka polepole na vizito havina nguvu ya kutosha kuzibana sahani. Mkanda hubeba mzigo mkubwa huku umeshikwa kwa ulegevu, na feni nayo haivuti hewa ya kutosha. Kwenye gia ya chini, kwa mwendo uleule, injini huzunguka haraka zaidi: mbano huongezeka, mzigo wa mkanda hupungua na hewa huenda kwa wingi. Kelele ni kubwa, lakini mkanda uko salama zaidi.

Miongozo ya Polaris, kwa mfano, inashauri gia ya chini kwa mwendo wa kawaida usiofika kilomita 11 kwa saa, kwa kuvuta mzigo mzito na kwa njia mbovu. Katika mchanga laini wa visiwani, hali hizo tatu mara nyingi hukutana kwa wakati mmoja.

Upepo wa matairi nao huchangia. Matairi ya pikipiki hizi hujazwa upepo mdogo, kwa kawaida usiofika psi 10, wakati gari dogo huhitaji psi 30 hivi. Mtu akiyajaza kama ya gari, hukata mchanga na kuzama. Matairi makubwa kuliko yaliyowekwa na kiwanda huongeza mzigo vilevile, kwa kuwa mkanda hulazimika kuzungusha gurudumu zito lenye kipenyo kirefu zaidi.

Ufuko si njia ya mkato

Mtu aliyechoshwa na vumbi la njia za ndani hushawishika kushuka ufukweni, ambako mchanga ulioloa ni mgumu na hauna vumbi. Ushawishi huo una gharama tatu.

Ya kwanza ni ya kisheria. Kanuni ya Msumbiji ya kulinda mazingira ya bahari na pwani, iliyotolewa kwa Dekreto namba 45 ya mwaka 2006, ilikataza vyombo vya moto kutembea ufukweni na juu ya matuta ya mchanga, isipokuwa katika hali maalumu.

Ya pili ni ya viumbe. Fukwe za Rongui na Vamizi hutagiwa na kasa na ng'amba. Gurudumu hushindilia mchanga juu ya mayai, na alama zake huwa mifereji ambamo vifaranga hunasa wakati wa kwenda majini. Wale wanaoruhusiwa kupita kwa ajili ya ulinzi au uokoaji wana sababu ya kuijua mitambo yao, kwa kuwa chombo kilichokwama juu ya mstari wa maji huchimba shimo palepale kasa anapotaga.

Ya tatu inarudi kwenye mkanda wenyewe. Maji yakiingia kwenye kasha, mkanda hupoteza mshiko ghafla. Maji ya chumvi huacha kutu kwenye uso wa chuma wa puli, na kutu hiyo ni msasa mkali kuliko vumbi. Aliyevuka maji anapaswa kufungua kizibo cha kutolea maji kilicho chini ya kasha, ikiwa kipo, kisha aiache injini izunguke gia ikiwa huru ili hewa ikaushe mkanda. Pikipiki ioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi bila kuelekeza maji kwenye mabomba ya hewa, na isiachwe siku nyingi puli zikiwa zimeloa.

Dalili kabla ya kukatika

Ni nadra mkanda kukatika bila kutoa taarifa. Harufu ya mpira ulioungua ni dalili ya kwanza. Ya pili ni injini kupandisha mzunguko bila mwendo kuongezeka. Nyingine ni mlio mkali wakati wa kuondoka, mtikisiko usiokuwapo, au unga mweusi mwingi kwenye mdomo wa bomba la kutolea hewa.

Harufu ikisikika, dereva anapaswa kusimama mahali pasipo na nyasi kavu, aiache injini izunguke polepole gia ikiwa huru ili hewa ipite, kisha aendelee kwa gia ya chini. Kumwaga maji juu ya kasha hakusaidii mkanda uliomo ndani.

Kasha likifunguliwa, injini ikiwa imezimwa, imepoa na ufunguo umetolewa, mkanda husomwa kama waraka. Kuta zinazong'aa humaanisha utelezi. Sehemu moja iliyokonda humaanisha magurudumu yalizuiwa huku mafuta yakiongezwa. Kingo zenye nyuzi zilizochomoza huashiria puli zisizokaa katika mstari mmoja au uso wa sahani ulioharibika. Mikwaruzo ya pande zote, pamoja na mchanga uliolala chini ya kasha, hudhihirisha kuwa hewa inaingia bila kuchujwa. Kubadilisha mkanda bila kusoma dalili hizi ni kununua wa pili kwa ajili ya kuuchoma.

Kubadilisha mkanda njiani

Katika pikipiki nyingi, kazi hii haihitaji karakana. Skrubu za kasha hufunguliwa, sahani za puli ya nyuma hutanuliwa kwa bolti au kifaa kinachokuja na pikipiki, na mkanda wa zamani hutolewa kwanza upande wa nyuma. Aliye mbali na karakana anahitaji kuwa na mkanda wa akiba, kifaa hicho na spana zinazohusika ndani ya mfuko usiopitisha maji.

Hatua inayorukwa mara nyingi ni kuondoa mabaki. Mkanda uliokatika huacha nyuzi zilizojisokota kwenye mihimili, na nyuzi hizo huweza kukata sili na kusababisha mafuta kuvuja. Kila uzi utolewe. Kisha sahani zifutwe kwa kitambaa safi chenye spiriti. Petroli isitumike karibu na injini yenye joto, na grisi au mafuta ya aina yoyote yasiguse uso wa puli, kwani mtambo huu unaishi kwa msuguano.

Mkanda mpya ukiwa na mishale, ielekee upande wa mzunguko. Puli ya nyuma izungushwe kwa mkono mara kadhaa hadi mkanda upande na kukaa sawa karibu na ukingo wake. Makumi ya kilomita za mwanzo ziwe za mwendo wa kubadilikabadilika bila mzigo mzito, ili mpira uzoeane na chuma. Mkanda uliokatika njiani huondoa pia msaada wa injini wakati wa kushuka mteremko. Hapo breki peke yake ndiyo tegemeo.

Wakati wa kuagiza, mwenye chombo anapaswa kutaja modeli, mwaka na namba ya kipuri. Katika maduka ya Msumbiji mkanda huitwa correia. Mikanda miwili inayofanana kwa macho huweza kupishana milimita chache kwa upana au urefu, na milimita hizo zinatosha kuharibu mbano.

Je, iko pikipiki isiyo na tatizo hili?

Zipo zinazotumia gia za chuma badala ya mkanda, zikiwamo nyingi za Honda. Yamaha nayo, katika baadhi ya pikipiki zake, hutumia mkanda pamoja na klachi inayofanya kazi ndani ya oili, hivyo mkanda hukaa umebanwa muda wote na utelezi wa kuondokea hubebwa na klachi. Baadhi ya pikipiki humalizia kwa mnyororo kwenda kwenye magurudumu, lakini mnyororo uliopakwa mafuta hukusanya mchanga na kusagika.

Kwa hiyo swali la mnunuzi si chombo gani hakiharibiki. Ni uharibifu wa aina gani anaweza kuutengeneza mwenyewe, akiwa na mfuko mdogo wa spana, mbali na fundi. Kwa kipimo hicho mkanda una sifa yake: mtu aliyejizoeza nyumbani huweza kuubadilisha chini ya mwembe kabla jua halijatua. Sharti ni awe na mwingine wa akiba, awe anajua kilichoua wa kwanza, na awe tayari kuhamia gia ya chini kabla mchanga haujamlazimisha.